Oksijeni hospitalini: Ombwe la tangi lisipotunzwa, fedha za umma hupotea hewani

MJI wa Kale wa Mombasa hautasahau upesi Mei 2020. Mnamo Mei 6 mwaka huo, serikali ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka katika mtaa huo, sawa na Eastleigh jijini Nairobi, ili kuzuia ugonjwa wa Covid-19. Marufuku hayo yalidumu hadi Juni. Ni katika janga hilo ambapo wananchi wengi walitambua kwamba oksijeni, ambayo mwenye afya huivuta bure, kwa mgonjwa ni bidhaa inayoweza kuadimika.

Tangu wakati huo jitihada zimefanywa kuongeza oksijeni. Mei 2024, shirika la kimataifa la Unitaid lilitangaza mpango wa dola milioni 22 wa kuimarisha uzalishaji wa oksijeni kiowevu nchini Kenya na Tanzania. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, kuzalisha ni kitu kimoja na kuhifadhi ni kitu kingine, hasa katika joto na chumvi ya Pwani.

Oksijeni huwa kiowevu inapopozwa hadi nyuzi 183 chini ya sufuri katika kipimo cha selsiasi. Faida yake ni kubwa, kwani lita moja ya kiowevu hutoa takriban lita 860 za gesi. Lakini haihifadhiwi kama gesi ya kupikia, ambayo husalia kiowevu kwa nguvu ya shinikizo tu ndani ya mtungi.

Tangi la oksijeni lina kuta mbili. Baina yake hewa hufyonzwa hadi kubaki ombwe, na aghalabu nafasi hiyo hujazwa unga mwepesi wa madini uitwao perlaiti. Kanuni ni ile ile ya chupa ya chai. Muuza kahawa wa Mji wa Kale huweka makaa chini ya dele lake ili kinywaji kisipoe. Oksijeni haina makaa wala barafu ya kuisaidia. Kinga yake ni ombwe.

Ombwe hilo halidumu milele. Ufa mdogo katika kiungo, kutu inayoletwa na hewa ya bahari, au gesi inayojitoa polepole katika chuma chenyewe, yote hulidhoofisha. Joto hupenya, kiowevu huchemka, shinikizo hupanda na vali ya usalama hufunguka. Oksijeni iliyolipiwa huishia angani hata kama hakuna mgonjwa aliyeivuta.

Dalili zipo kwa mwenye kuangalia. Barafu kwenye mabomba ya kugeuza kiowevu kuwa gesi ni jambo la kawaida. Lakini barafu au jasho lisilokauka kwenye ukuta wa nje wa tangi ni onyo. Vivyo hivyo shinikizo linalopanda haraka kuliko desturi, au kiwango kinachoshuka bila matumizi kuongezeka.

Wahenga walinena, pakacha kuvuja ni nafuu ya mchukuzi. Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Iwapo kampuni inayouza oksijeni ndiyo pia inayotunza tangi, kila kinachovuja huenda kikawa mauzo mapya kwake, na mzigo ukamwangukia mlipa ushuru. Mkataba wa busara hutaja kiwango cha juu cha upotevu kwa siku, na kumtaka mwenye jukumu la matengenezo alipie kinachozidi hapo.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali kama ile ya Rufaa ya Pwani, kisiwani Mombasa, zimo mikononi mwa kaunti. Hivyo ni kaunti inayopaswa kudai ombwe lipimwe kwa ratiba, kuta zipakwe rangi ya kuzuia kutu, na vipimo viandikwe kila siku. Wahandisi wa hospitali wafunzwe kusoma dalili. Kifuniko cha ombwe chenyewe kiguswe na mafundi maalumu pekee.

Aprili 2021, tangi la hospitali moja mjini Nashik, India, lilivuja na wagonjwa wasiopungua 22 wakafariki baada ya oksijeni kukatika. Chanzo hakikuwa lazima ombwe, lakini funzo ni moja: tangi kubwa hukusanya matumaini ya wodi nzima mahali pamoja.

Viongozi hupenda kukata utepe tangi linapozinduliwa. Mwananchi naye aulize swali lisilo na sherehe: nani atalikagua mwaka wa tano?