Shujaa Aliyevunja Mlango wa Gavana

Nikitaja mbele ya wanataaluma wenzangu kwamba mimi ni mpenzi wa vitabu vya katuni vya Kimarekani, hivi vya mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu, hupokewa kwa tabasamu la kunivumilia. Mtu mzima, mwenye shahada ya uzamivu, anafuatilia habari za watu wanaovaa chupi juu ya suruali! Tabasamu hilo halinisumbui. Jamii iliyomlea Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha za kawaida hazikumdhuru mpaka alipochomwa sindano ya shaba kitovuni, haina sababu ya kumcheka Superman na jiwe lake la kijani. Linalonisumbua ni lile linalofuata baada ya tabasamu, na ambalo husemwa zaidi na wanaharakati vijana: kwamba hadithi hizi ni propaganda ya dola tangu kuzaliwa kwake, kwamba shujaa wa katuni ni askari aliyevishwa joho jekundu, na kwamba kijana anayezisoma hufundishwa kumsubiri mkombozi badala ya kudai haki yake mwenyewe.

Hoja hiyo inaeleza vizuri hadithi hizi zilivyo mara nyingi. Haielezi zilivyoanza, wala zilifikaje hapa. Mimi nashikilia kwamba mashujaa hawa wana ugonjwa mmoja mkubwa: nguvu zao zote hukoma kwenye mlango wa ofisi ya mkubwa. Lakini hawakuzaliwa nao. Waliambukizwa, na tarehe za maambukizi zinajulikana.

Chukua toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938. Superman aliyemo humo hapai angani. Huchupa tu, umbali wa mita mia mbili hivi. Hana adui kutoka sayari nyingine. Katika kurasa 13 tu anavunja mlango wa chuma wa chumba cha gavana usiku wa manane na kumlazimisha asome ushahidi utakaomwokoa mwanamke asiye na hatia dhidi ya kiti cha umeme. Anamshikisha adabu mume anayempiga mkewe. Kisha anaelekea Washington, ambako anamkuta seneta akila njama ya kuiingiza nchi katika vita vya Ulaya. Katika toleo la pili anamfuata mtengeneza silaha aliye nyuma ya njama hiyo, na kumlazimisha avae magwanda akapigane mwenyewe katika vita vinavyomtajirisha. Katika toleo la tatu ni zamu ya tajiri mwenye mgodi usio na usalama: Superman anahakikisha kwamba tajiri huyo na wageni wake wa karamu wananaswa chini ya ardhi, waonje wenyewe hewa wanayovuta wachimbaji. Methali yetu husema mwenye nguvu mpishe. Huyu alikuwa mwenye nguvu aliyewaambia wenye nguvu wapishe.

Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa Cleveland kutoka familia za Kiyahudi zilizohama Ulaya, na walikuwa wameishi miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Walijua ni nani aliyewatisha majirani zao, na hakuwa kiumbe wa angani. Katika toleo la nane, la Januari 1939, Superman anabomoa mtaa mzima wa mabanda ili serikali ilazimike kuwajengea wakazi nyumba bora. Natambua kwamba msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye neno bomoabomoa kwake si hadithi, atashtuka kidogo hapo. Tofauti ni kwamba katika hadithi ile serikali ilijenga kweli, na kwa ajili ya wakazi wale wale. Hapo ndipo napaona pa ajabu kuliko kuruka.

Kilichofuata ni jambo ambalo kila mpenzi wa katuni anapaswa kulitafakari. Kadiri misuli ya Superman ilivyonenepa, ndivyo adui wake alivyosogezwa mbali na ikulu na mgodi. Ilifika mahali akaweza kusukuma sayari, lakini hakuweza tena kumgusa mwenye nyumba anayefukuza wapangaji. Sehemu ya mabadiliko hayo ililetwa na vita vya pili vya dunia, vilivyowageuza mashujaa wote kuwa wazalendo. Pigo zito zaidi lilikuja mwaka 1954. Mwaka huo daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto, na kamati ndogo ya Seneti ikaketi kusikiliza mashahidi. Wachapishaji, kwa hofu ya kuwekewa sheria, wakajitungia kanuni zao wenyewe. Mojawapo ilikataza polisi, majaji, maofisa wa serikali na taasisi zinazoheshimika kuoneshwa kwa namna itakayowafanya wasomaji wapunguze heshima kwa mamlaka.

Ndugu zangu watumishi wa umma wataitambua lugha hiyo bila kutafsiriwa. Na watambue pia utaratibu wake, kwa kuwa una mafunzo mengi. Kanuni zile hazikuwa sheria. Hakuna bunge lililozipitisha wala polisi aliyezisimamia. Palikuwa na muhuri mdogo kwenye kona ya jalada, na wasambazaji waliogopa kuchukua kitabu kisicho na muhuri. Basi. Kwa udhibiti wa namna hiyo hakuna anayehitaji jela. Kinachohitajika ni kila mtu katika mnyororo kuogopa kidogo. Kampuni ya EC ilipotaka kuchapisha upya hadithi yake kuhusu mkaguzi wa anga anayeinyima sayari ya roboti wabaguzi uanachama wa jamhuri kuu, msimamizi wa kanuni alidai mhusika mkuu abadilishwe, kwa sababu katika picha ya mwisho anavua kofia na kuonekana kuwa mtu mweusi. Mchapishaji William Gaines alikataa, akaichapisha kama ilivyokuwa katika toleo lenye tarehe ya Februari 1956, kisha akaachana kabisa na vitabu vya katuni.

Miongo iliyofuata si ya giza tupu, na hapa ndipo napishana na wale wanaharakati vijana. Mwaka 1970, Dennis O'Neil na Neal Adams walipewa kazi ya kuokoa kitabu cha Green Lantern kilichokuwa hakiuzi. Katika toleo la 76, mzee mmoja mweusi anamsimamisha shujaa huyu, anayelinda nyota na sayari, na kumuuliza: umewasaidia watu wa rangi ya buluu huko, na wa rangi ya machungwa, na wa zambarau, kwa nini hujawahi kuwajali weusi? Shujaa anainamisha kichwa, hana jibu. Naichukulia picha ile kuwa muhimu kuliko mapigano yote yaliyochorwa muongo ule. Mwaka uliofuata ofisi ya serikali yenyewe, Idara ya Afya, Elimu na Ustawi wa Jamii, ilimwomba Stan Lee aandike juu ya madhara ya dawa za kulevya. Wasimamizi wa kanuni wakainyima hadithi hiyo ya Spider-Man muhuri. Marvel ikaitoa bila muhuri, na mbingu hazikuanguka. Mwaka 1974, Steve Englehart alimfanya Captain America awafuatilie wala njama mpaka ndani ya Ikulu ya Marekani, ambako kiongozi wao anajiua. Uso wake hauoneshwi, lakini mwandishi alieleza baadaye kwamba alimkusudia Richard Nixon. Shujaa aliyevaa bendera ya taifa akaivua.

Hata hivyo, wazo la kumuuliza mtawala maswali halikusafiri mbali. Mwaka 1975 Marvel ilitoa kikosi kipya cha X-Men, na miongoni mwao alikuwamo Storm, jina lake halisi Ororo, ambaye mama yake ni Mkenya. (Sisi wenye neno nyororo tunalisikia jina hilo kwa sikio letu wenyewe.) Profesa Xavier anamkuta Kenya, ambako wanakijiji wanamwabudu kama mungu wa mvua, na kumshawishi aondoke akautumikie ulimwengu. Nampenda Storm, katika miaka iliyofuata amekuwa mmoja wa viongozi bora katika hadithi zote hizi. Lakini itazame Kenya ile. Ina ukame, ina nyasi, ina watu waliopiga magoti. Haina bunge, haina magazeti, haina chama cha wafanyakazi. Kitabu hicho kina tarehe ya Mei 1975. Mnamo Machi mwaka huo huo mbunge Josiah Mwangi Kariuki aliuawa, mwili wake ukakutwa Ngong, na Bunge la Kenya likaunda kamati teule kuchunguza mauaji hayo. Marekani ya katuni ilikuwa imeruhusiwa kuwa na rais mwenye hatia. Kenya ya katuni haikuruhusiwa hata kuwa na rais.

Wapo watakaonijibu kwa kunitajia Wakanda, nchi yenye mfalme, wataalamu na sera ya mambo ya nje. Kweli, na niliifurahia filamu ya 2018 kama mtu mwingine yeyote. Lakini fuatilia nani anauliza swali zito katika filamu ile: kwa nini dola yenye uwezo mkubwa namna hii iliwaangalia watu weusi wakiuzwa na kutawaliwa bila kunyoosha mkono? Anayeuliza ni Killmonger. Na ili tusikae na swali lake kwa muda mrefu, waandishi wanamfanya amuue mpenzi wake mwenyewe bila kupepesa macho. Magneto amepitia hayo hayo kwa miongo mingi. Wahusika hawa wanaotaka kubadili mfumo hupewa hoja nzuri na mikono yenye damu, na anayetaka mambo yabaki yalivyo hupewa uso wa upole. Ninapowapa wanafunzi wangu zoezi hili, la kutafuta katika kila hadithi ni nani anayetaka mabadiliko na anafanywa nini, hurudi wakiwa wameacha kucheka katuni.

Kwa nini iwe hivyo hata baada ya muhuri kufa? Maana umekufa: Marvel iliuacha mwaka 2001, na mwaka 2011 wa mwisho wakauacha. Jibu langu ni la kimaslahi. Machi 1938 Siegel na Shuster walipokea hundi ya dola 130, malipo ya kurasa zile 13 pamoja na haki zote za Superman. Walipofungua kesi mwaka 1947 hawakumpata shujaa wao, na majina yao yakaondolewa kwenye kurasa zake. Tajiri wa mgodi wa toleo la tatu asingeweza kufanya vizuri zaidi. Ilipofika mwaka 1975, Shuster alikuwa karibu kipofu na Siegel alikuwa karani, huku filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa. Ni baada ya kampeni ya wachoraji wenzao ndipo wamiliki walipokubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarejesha majina yao. Mmoja wa vinara wa kampeni hiyo alikuwa Neal Adams, yule yule aliyemchora mzee mweusi akiuliza swali lake. Sidhani kwamba ni sadfa. Jack Kirby, aliyeshiriki kumbuni karibu nusu ya ulimwengu wa Marvel, alipigania hata kurejeshewa michoro yake ya mkono, na familia yake ilifikia maridhiano na kampuni mwaka 2014 tu, miaka 20 baada ya kifo chake. Shujaa aliye mali ya namna hii hawezi kushinda kabisa, kwa kuwa ushindi ungemaliza biashara, na hawezi kumhoji mmiliki.

Pingamizi moja nalipa uzito. Alan Moore na Dave Gibbons, katika Watchmen ya 1986 na 1987, walionesha kwamba mtu mwenye nguvu asiyewajibika kwa yeyote ni hatari hata nia yake ikiwa safi, na kwamba anayevunja mlango wa gavana leo kwa ajili ya mnyonge aweza kuuvunja wa mnyonge kesho. Sisi tuliowaona wakombozi wakigeuka hatuhitaji kushawishiwa. Lakini wengi walioiga Watchmen waliondoka na ukatili wake wakaliacha swali. Kumhoji mwenye nguvu si sawa na kumfanya awe mnyama.

Waliolielewa swali, kwa maoni yangu, walikuwa Dwayne McDuffie na wenzake waliofungua Milestone mwaka 1993, kampuni ya waandishi na wachoraji weusi. Katika kitabu chao cha Icon, mwenye nguvu ni wakili tajiri anayeamini kila mtu ajiinue mwenyewe. Anayemtoa ndani ya jumba lake la kifahari ni Raquel, msichana wa mtaa wa maskini, na wanapokwenda kutoa msaada kwa mara ya kwanza polisi wanawaelekezea bunduki. Kutoka hapo hadithi ni mabishano baina ya nguvu na raia, na mara nyingi raia ana hoja bora. Milestone walisambaziwa vitabu na DC, lakini hakimiliki walibaki nayo wenyewe.

Kwa mujibu wa sheria ya Marekani, hakimiliki ya toleo lile la Juni 1938 itakwisha mwanzoni mwa mwaka 2034. Atakayekuwa huru siku hiyo si yule asukumaye sayari. Matoleo ya baadaye yatasubiri zamu yao. Atakuwa yule wa mwanzo, asiyeweza kupaa, na mwandishi yeyote wa Kisumu au Morogoro ataweza kumchukua bila kuomba kibali. Nina wanafunzi wawili watatu ambao tayari wanabishana atavunja mlango upi kwanza.