Trekta kwenye shamba lililolowa: nani anasubiri, nani analipa?

Mvua zinapoanza katika tambarare za Mkoa wa Morogoro, kuanzia Dakawa na Mkindo wilayani Mvomero, Kilosa, hadi bonde la Kilombero, wakulima huulizana swali lile lile: trekta litafika lini? Wenye mashamba ni wengi, matrekta ni machache, na mvua haimsubiri mtu. Mkulima aliyetoa malipo ya awali tangu wiki iliyopita anamwona jirani ameshapanda. Dereva anapofika jioni na kukuta shamba bado chepechepe, mara nyingi jibu la wote wawili ni moja: ingia, lima.

Katika makala haya tunaeleza kinachotokea ardhini trekta linapolima udongo mbichi, kwa nini jambo hili hujirudia kila msimu, na nini wewe na kikundi chako mnaweza kufanya. Hoja yetu ni kwamba kumlaumu dereva au mkulima hakutoshi. Utaratibu wa kukodi trekta humlipa mwenye mashine kwa kila ekari iliyopitiwa, lakini gharama ya ekari iliyoharibika hubaki kwa mkulima peke yake.

Kinachotokea chini ya gurudumu

Udongo mzuri una matundu madogo ambamo maji, hewa na mizizi hupita. Udongo ukijaa maji, chembe zake huteleza na kubanana zinapokandamizwa, na matundu yale hufungwa. Trekta la nguvu za farasi 70 hivi lina uzito wa tani mbili na nusu hadi tatu, kabla hujahesabu plau. Tena wakati wa kulima kwa plau ya sahani, gurudumu moja la nyuma hupita ndani ya mfereji uliokwisha kukatwa. Hapo linakanyaga moja kwa moja udongo wa chini, mahali ambapo jembe la mkono halifiki. Sahani nazo husugua sakafu ya mfereji kama fundi anavyolainisha plasta ukutani.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Hayo ni maneno ya mfinyanzi, na kwa kazi yake ni sahihi: anataka udongo ushikamane, ukubali umbo, kisha ukauke uwe mgumu. Mkulima anataka kinyume chake. Shamba lililolimwa likiwa tope hukauka kwa mabonge makubwa, likadai haro mara mbili au tatu, na mbegu huota kwa mafungu.

Chini ya mabonge hayo linabaki tabaka gumu. Mizizi ya mahindi ikifika hapo hupinda na kwenda pembeni. Mvua ikikatika kwa wiki mbili, mahindi hunyauka mapema kwa sababu mizizi haikufika kwenye unyevu wa chini. Mvua ikizidi, maji hutuama juu ya tabaka lile na mimea huwa ya njano. Mkulima huona unjano na kununua mbolea zaidi, kumbe mizizi imekosa hewa.

Hasara hiyo haiishi na msimu mmoja. Sehemu kubwa ya mgandamizo hutokea gurudumu linapopita mara ya kwanza tu, kwa hiyo siku moja ya haraka inaweza kuonekana kwenye mavuno ya miaka kadhaa. Kulivunja tabaka hilo kunahitaji ripa, yaani jembe refu la kupasua ardhi ikiwa kavu, na trekta lenye nguvu ya kulivuta. Hiyo ni gharama nyingine juu ya ile ya kwanza.

Mbona mpunga tunauvurugia tope?

Msikilizaji anayelima mpunga atauliza hivyo, na ana haki. Katika majaruba ya mpunga, tabaka gumu la chini husaidia kushikilia maji. Lakini kuvuruga kuna utaratibu wake: shamba hulimwa kwanza, kisha hujazwa maji, kisha huvurugwa kwa mashine nyepesi kama pawatila, au trekta lililofungwa magurudumu ya chuma. Kuliingiza trekta zito lenye matairi ya kawaida kwenye tope refu ni jambo jingine. Huchimba mashimo, huharibu usawa wa jaruba, na kila mwaka mashine huzama zaidi ya mwaka uliopita. Na kama baada ya mpunga unapanda mahindi au mboga, kumbuka kwamba mazao hayo yatakutana na tabaka lile lile.

Kwa nini hujirudia

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme trekta linalima ekari 7 kwa siku. Mwenye trekta akisubiri siku 5 ili mashamba yakauke, amekosa malipo ya ekari 35. Msimu wenyewe wa kulima ni wiki chache tu, na kama trekta ni la mkopo, marejesho hayaulizi kama mvua ilinyesha. Dereva naye mara nyingi hulipwa kwa ekari. Mkulima akisema leo hapana, trekta linahamia kwa mwingine, na hajui litarudi lini. Kati ya hao watatu, hakuna anayelipwa kwa kusubiri.

Mikopo ya matrekta nchini haikuanza leo. Mfuko wa Pembejeo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na umekuwa ukikopesha zana. Baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, SUMA JKT iliingiza matrekta kutoka India na kuyauza kwa mkopo, na miaka iliyofuata ikalazimika kuwafuatilia wadaiwa. Katika miaka ya karibuni bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na zana za kilimo ni sehemu ya mipango hiyo.

Kuongeza matrekta ni jambo jema, kwa sababu foleni ndefu ndiyo inayozaa haraka. Lakini idadi ya matrekta haituambii ni ekari ngapi zililimwa udongo ukiwa tayari. Mwenye deni akipewa mashine bila utaratibu wa kusubiri, ataipeleka shambani hata palipo na tope.

Somo la mashine zilizoshindwa na udongo lipo jirani na Morogoro. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma wa sasa. Ilileta mamia ya matrekta, hata vifaru vya vita vya Sherman vikageuzwa kuwa mashine za kusafisha pori. Udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, ukala vyuma na kuzuia karanga kuchimbuliwa. Mvua kubwa zilipokuja zilileta mafuriko. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeteketea. Mkulima wa ekari mbili hana fedha za namna hiyo za kupoteza, lakini udongo wa mfinyanzi ni wa tabia ile ile: siku zake za kulimika vizuri ni chache, kati ya ukavu na tope.

Maji yanatoka mlimani

Morogoro kuna jambo jingine la kuangalia. Juu kwenye Milima ya Uluguru, Matombo, Kinole au Mgeta, mashamba yako kwenye miteremko mikali na kazi ni ya jembe la mkono. Trekta halipandi huko, lakini maji ya huko hushuka kwa majirani wa bondeni kupitia mito ya Ngerengere, Mgeta na Ruvu. Miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi kuliko mji wa Morogoro. Hivyo shamba la kando ya mto linaweza kulowa kutoka chini wakati juu yako jua linawaka. Usitazame wingu la kijijini kwako tu. Uliza mlimani kumenyeshaje.

Mvua za El Niño za msimu wa 2023/24 zilionyesha hali inavyoweza kuwa. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki dunia nchini kutokana na mafuriko na maporomoko. Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika. Katika msimu kama huo, siku ambazo udongo uko tayari kwa plau hupungua sana, na ndipo kishawishi cha kulima tope kinapokuwa kikubwa zaidi.

Unachoweza kufanya

Kwanza, pima kwa mkono. Chimba hadi kina ambacho plau itafika, kama sentimita 20, kwa sababu juu panaweza kuwa pakavu na chini bado pabichi. Chukua udongo kidogo, usokote kati ya viganja. Ukitengeneza uzi mwembamba unaokaribia njiti ya kiberiti bila kukatika, bado ni mbichi; subiri. Ukikatika-katika, na bonge lake likivunjika unapoliangusha chini, plau inaweza kuingia. Ukishindwa hata kulikata bonge kwa sababu ya ugumu, umechelewa upande wa pili.

Pili, patana kabla ya kutoa fedha. Toa sehemu ya malipo mwanzoni na nyingine kazi ikikamilika. Elewaneni kina cha kulima. Zaidi ya yote, elewaneni kwamba shamba likikutwa bichi, mkulima ataahirisha bila kupoteza nafasi yake kwenye foleni. Ujumbe mfupi wa simu kati yenu unatosha kuwa ushahidi.

Tatu, kwa vikundi, vyama vya ushirika na vyama vya umwagiliaji: pangeni foleni kwa aina ya udongo. Kichanga hukauka mapema, pengine siku moja au mbili baada ya mvua. Mbuga nyeusi huhitaji siku nyingi zaidi. Trekta likianza kwenye kichanga wakati mbuga inasubiri, mwenye mashine hapotezi siku na mwenye mbuga haharibiwi shamba. Kupanga kwa aliyelipa kwanza ni rahisi, lakini hulipeleka trekta mahali pasipofaa. Mwombeni afisa ugani awasaidie kutambua mashamba ya kila aina, na mfuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Nne, fikirieni kulima mara baada ya kuvuna. Katika mbuga, mpunga unapotoka shambani mwezi Juni au Julai, udongo hupita kwenye kipindi cha unyevu wa kiasi kabla haujapasuka kwa ukavu. Wakati huo matrekta hayagombaniwi kama mwanzoni mwa mvua.

Neno kwa wenye matrekta na madereva

Tope linawala nanyi pia. Magurudumu yakizunguka mara 10 na kuteleza mara 3, dizeli ya mizunguko hiyo mitatu imetupwa, na tairi na klachi zimechakaa bure.

Trekta likizama, usifunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma na kukanyaga mafuta. Gogo likikwama, magurudumu hayawezi kuzunguka. Badala yake mwili wa trekta huinuka mbele na kupinduka juu ya dereva kwa muda usiozidi sekunde mbili. Fungua plau, chimbua mbele na nyuma ya magurudumu, kisha livutwe taratibu na mashine nyingine, mnyororo ukiwa umefungwa chini, huku watu wakikaa mbali.

Msimu ujao kabla mvua hazijaanza, wekeni swali hili kwenye mkutano wa kikundi au wa kijiji, mwenye trekta akiwepo: shamba likiwa bichi, nani ana haki ya kusema leo hatulimi, na nafasi yake kwenye foleni italindwaje? Likijibiwa mapema, mkulima ataweza kusubiri siku tatu bila hofu, na mwenye trekta atajua pa kwenda siku hizo tatu.