Petroli Gatini na Neno "Isipokuwa"

Katika sheria hakuna neno linalopasa kusomwa kwa makini kama neno "isipokuwa". Kizazi kilichodai mfumo wa vyama vingi nchini Kenya kililijua vyema, kwa maana Katiba ya zamani iliutaja uhuru wa raia kwa mkono mmoja na kueleza kwa mkono wa pili ni lini uhuru huo ungeweza kunyang'anywa. Leo twataka kulitazama neno hilo mahali ambapo pengine msomaji hakutarajia kulikuta, yaani katika kanuni za kuuza petroli kwenye magati ya mashua.

Ndugu msomaji asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Petroli hutoa mvuke hata penye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Gari likijazwa mafuta barabarani, mvuke unaotoka hushuka chini na kupeperushwa na upepo. Mashua haina uwazi huo. Mvuke huteremka hadi ngamani, ukatulia humo chini ya mbao pasipo mtu kuuona, ukingoja cheche moja ya injini. Na mafuta yakimwagika majini huelea, hata moto ukiyashika husafiri nayo kutoka chombo hadi chombo. Abiria aliye katikati ya moto na maji hana pa kukimbilia.

Marekani, yenye vituo vingi vya mafuta vya mashua, ilipitisha sheria ya usalama na afya ya wafanyakazi mwaka wa 1970, na kanuni zilizotungwa chini yake zina sehemu nzima inayohusu vituo hivyo. Msingi wake ni kwamba matangi, pamoja na pampu zisizokuwa sehemu ya mtambo wenyewe wa kujazia, vikae nchi kavu au juu ya gati lililojazwa kifusi, wala si juu ya gati la nguzo ambalo maji hupita chini yake. Kisha neno letu likaingia. Ikiwa kuweka matangi pwani kungelazimu mabomba marefu kupita kiasi, matangi yaweza kuwekwa gatini; na ikiwa ardhi ya pwani ni mwamba, au maji ya chini yako karibu mno, hata yasiweze kuzikwa, yaweza kukaa juu ya ardhi.

Tuzitazame ruhusa hizi jinsi mwanasheria azitazamavyo. Kila moja imefungwa kwenye sababu inayoonekana kwa macho: urefu wa bomba, mwamba, maji. Haikufungwa kwenye jina la mtu. Tena anayeweka tangi gatini hakuachiwa afanye apendavyo, kwani mafuta yote yaliyohifadhiwa hapo yasizidi galoni 1,100, yapata lita 4,160, na masharti ya nafasi kati ya matangi, ya kingo za kuzuia mafuta yakivuja, na ya mabomba yangali yanamfunga. Pana sharti jingine ambalo halikupewa mlango wowote wa kutorokea: mtambo wa kujazia mafuta uwe futi 20, yaani kama mita 6, kutoka kwa shughuli yoyote yenye chanzo cha moto kisichohama, na maneno yaliyotumiwa hapo ni ya mkato, kwamba iwe hivyo katika hali zote. Aliyetunga kanuni alijua pa kulegeza na pa kukaza.

Sheria mama ilikwenda mbali zaidi, na hapa ndipo wapenda haki wanapopaswa kutulia. Mwajiri anayetaka kuacha sharti fulani daima, atumie njia yake mwenyewe, ni lazima athibitishe kwa uzito wa ushahidi kwamba wafanyakazi wake watakuwa salama sawa na ambavyo wangekuwa chini ya sharti lenyewe. Wafanyakazi hao waarifiwe, wapewe nafasi ya kusikilizwa. Anayeomba muda tu, kwa kuwa vifaa au mafundi hawajapatikana, hapewi zaidi ya mwaka mmoja kwa mara moja, na ruhusa hiyo yaweza kufanywa upya mara mbili pekee. Na hata ile sababu ambayo sisi wa nchi hii tuliizoea mno, ulinzi wa taifa, haiwezi kuendeleza msamaha kupita miezi 6 bila wafanyakazi kuarifiwa na kupewa nafasi ya kusema. Wangapi miongoni mwetu waliwahi kuambiwa kwamba usalama wa taifa nao una tarehe ya kuisha?

Washiriki wa makanisa watakumbuka amri iliyomo katika Kumbukumbu la Torati 22:8, kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Mzigo ulitwikwa mwenye dari. Mgeni hakuambiwa aangalie anapokanyaga. Ndivyo ilivyo kwa mwenye gati: yeye ndiye apataye faida ya ruhusa, basi yeye ndiye athibitishe.

Hatusemi kwamba Wamarekani wamemaliza kazi. Maneno "marefu kupita kiasi" hayana kipimo. Je, ni mita 50 au 500? Mwenye kituo ndiye apimaye kwanza, naye mkaguzi huja baadaye, kama atakuja. Isitoshe, haki ya kusikilizwa imepewa wafanyakazi peke yao, kwa vile hiyo ni sheria ya kazi. Familia iliyolala katika mashua iliyofungwa jirani haikutajwa. Kasoro hizi zisitupofushe, lakini pia tusizinakili.

Turudi nyumbani. Katika fuo za Ziwa Viktoria, kuanzia Usenge hadi Mbita, na katika magati ya Lamu, mashua zenye injini hutegemea petroli kila siku, na sehemu kubwa ya petroli hiyo hubebwa kwa mitungi ya plastiki. Mvuvi hana kosa la kutaka mafuta karibu na chombo chake. Kumwekea sharti la kituo cha mjini ni kumfukuza aende gizani, ambako mitungi itajazwa kando ya jiko la kukaangia samaki. Kwa hiyo ruhusa ya pekee kwa vituo vidogo vya ufuoni yaweza kuwa jambo la busara. Tunachokataa ni ruhusa isiyoandikwa, isiyo na kiasi wala muda, inayotolewa ofisini kwa anayejuana na mwenye muhuri.

Gharama ya ruhusa za namna hiyo tumekwisha kuiona, ingawa si gatini. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka katika eneo la Embakasi jijini Nairobi, ikaua na kujeruhi watu waliokuwa majumbani mwao. Mamlaka ya nishati ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo mwaka wa 2023, na wingi wa makazi ulikuwa miongoni mwa sababu. Halmashauri ya mazingira nayo ilikiri kwamba kibali kilichotoka kwake hakikufuata utaratibu, ikawasimamisha kazi baadhi ya maafisa wake. Ofisi moja ilisema la, nyingine ikasema ndiyo, na majirani hawakujua.

Silaha ya kisheria tunayo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu ambaye haki yake yaelekea kudhuriwa na uamuzi wa kiutawala. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yataka habari inayohusu uhai wa mtu itolewe katika muda wa saa 48. Basi vikundi vya haki na kamati za parokia zilizo karibu na fuo na magati ziandike barua fupi, ya ukurasa mmoja tu, kwa ofisi ya kaunti na kwa mamlaka ya nishati: ni nani aliyeruhusiwa kuweka petroli hapa, ni lita ngapi, kwa sababu gani, na ruhusa hiyo yaisha lini. Nakala ibaki kanisani ikiwa na tarehe ya kupokelewa. Jibu likija, lisomwe ufuoni asubuhi mashua zinaporudi, mbele ya wanaolala hatua chache kutoka kwenye mitungi hiyo.