Bidon iliyopasuka na mgomba uliokatwa: tupime kwanza, tuuze baadaye

Mvua ikinyesha Bukavu, chupa za plastiki zinateremka hadi ziwa Kivu, zinafika mto Ruzizi na kuziba mashini za baraji. Umeme unakatika, wakaaji wanalalamika. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki, lakini kuikataza kwenye karatasi hakukuiondoa sokoni. Huko vijijini nako, mgomba unazaa mara moja tu. Ukishakatwa, shina linaachwa lioze shambani.

Takataka hizi mbili zinaweza kutoa mbao. Nyuzi za mgomba au za mkonge zinachanganywa na plastiki iliyoyeyushwa: nyuzi zinabeba uzito, plastiki inazishikanisha, kama vile majani yanavyoshika udongo wa ukuta. Si ndoto. Ujerumani ya Mashariki ilitengeneza magari ya Trabant yenye mwili wa plastiki iliyotiwa nyuzi za pamba.

Lakini tusidanganyane. Nyuzi za mimea ni nyepesi kuliko zile za kioo ambazo viwanda vimezoea, ila zinakatika mapema zaidi zikivutwa. Tena zinapenda maji, na plastiki inayakataa. Zisipooshwa kwa soda kali na kukaushwa vizuri, hazishikani na plastiki; ubao unavimba na kupasuka. Moto nao una mpaka: kupita digri 200 hivi, nyuzi zinaharibika. Chupa za maji zinayeyuka karibu na digri 250, kwa hiyo hazifai kazi hii. Zinazofaa ni bidon za mafuta ya kupikia, zinazoyeyuka karibu na digri 130. Anayeahidi kusafisha Ruzizi kwa njia hii, basi, anaahidi asichoweza.

Maoni yangu ni haya: anayeomba feza za mradi wa namna hiyo aonyeshe vipimo kwanza. Ubao mkavu unavunjwa na kilo ngapi? Na ukilala majini wiki nzima, je? Vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha uinjinia vipewe mashini za kupima, na majibu yatangazwe kwa wote. Tuanze na dari na meza, si daraja wala ngazi. Bila hivyo, mtoto wa shule ndiye atakayepima benchi, siku litakapovunjika chini yake.