Kanda Mseto na Maktaba: Hip Hop ya Andagraundi Mbele ya Idara za Kiswahili

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliowagawa wataalamu katika miaka ya 1970 na 1980 ulihusu swali moja kubwa: je, utungo usiofuata vina na mizani unastahili kuitwa shairi? Tangu diwani ya Kichomi ya Kezilahabi itoke mwaka 1974, na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mulokozi na Kahigi mwaka 1979, mengi yameandikwa juu ya swali hilo, na leo si jambo la ajabu kwa idara ya Kiswahili kuzifundisha pande zote mbili katika kozi moja. Hata hivyo, wanamapokeo na wanamabadiliko walikubaliana juu ya jambo moja bila kulijadili sana, yaani kwamba utungo unaobishaniwa ni ule uliokwisha kuchapishwa kitabuni. Makala haya yanadai kwamba kigezo hicho cha kimyakimya kimepitwa na wakati, na kwamba wanaoumia kwacho ni watunzi wa hip hop ya Kiswahili wanaozitoa, kuzitangaza na kuzisambaza kazi zao wenyewe, pasipo kampuni wala mchapishaji.

Inafaa kuanza na jina lao. Neno andagraundi limekopwa kutoka Kiingereza, lakini halikuvuka na mizigo yake yote. Katika matumizi ya Tanzania, msanii wa andagraundi ni kwanza kabisa chipukizi, mtu ambaye bado hajatoka. Kitenzi toka hapa kimekwisha kuwa istilahi: kutoka ni kusikika redioni, kujulikana kwa jina, kualikwa jukwaani kwa malipo. Kwa maana hiyo andagraundi ni hali ya mpito, na mwenye kuwa ndani yake hutazamia kuiacha. Maana ya pili, iliyo karibu zaidi na ile ya asili, ni ya msanii mwenye jina na wasikilizaji waaminifu, lakini anayebaki nje ya mfumo wa vituo vya redio, wasambazaji na wadhamini, ama kwa hiari yake ama kwa kukosa njia. Mpaka baina ya maana hizi mbili si thabiti, na wasanii wenyewe huutumia kwa faida yao: asiyetoka huweza kudai kwamba hakutaka kutoka. Mtafiti asiyeitambua tofauti hii atawaweka katika fungu moja kijana aliyerekodi wimbo wake wa kwanza jana na mghani mwenye kazi za miaka kumi na mitano.

Historia ya hali hii ni fupi. Saleh Jabir alipotamba mwaka 1991 kwa kutia maneno ya Kiswahili katika wimbo wa Vanilla Ice, redio Tanzania Bara ilikuwa ya serikali peke yake. Kundi la Kwanza Unit liliundwa mwaka 1993, mwaka uleule ilipopitishwa sheria ya utangazaji iliyowafungulia njia watu binafsi, na Radio One ikaanza kusikika mwaka 1994. Wakati huo muziki wenyewe ulikuwa ukiitwa muziki wa kufokafoka. Jina hilo lilikuwa hukumu zaidi ya kuwa maelezo. Foka ni kuchemka hadi kumwagika, na pia kusema kwa hasira, na uradidi wa shina uliongeza dokezo la kufanya jambo ovyo ovyo. Ni jina walilopewa, si walilojipa.

Redio za watu binafsi zilifungua mlango, lakini mlango huohuo ukapata bawabu. Msanii alirekodi wimbo, akaupeleka kituoni, na kama ulipigwa na kupendwa, ndipo alipoweza kwenda kwa msambazaji wa Kariakoo, ambaye lugha ya mitaani ilimwita mdosi. Mara nyingi msambazaji aliinunua kazi kwa fedha za mkupuo, na baada ya hapo msanii hakuwa na njia ya kujua ni kanda ngapi zilizofyatuliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyoleta COSOTA, ilimpa msanii haki kwa maandishi, lakini kuzihesabu kanda sokoni ni kazi nyingine. Ndani ya mfumo huo wapo waliofanikiwa, tena sana. Funga Kazi ya Hard Blasters mwaka 2000 na Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay mwaka 2001 zilithibitisha kwamba hip hop ya Kiswahili inaweza kusikilizwa na taifa zima. Na watunzi wawili wa kizazi hicho, Joseph Mbilinyi aliyejulikana kama Mr II na Joseph Haule ambaye ndiye Professor Jay, walifika bungeni kwa uchaguzi wa 2010 na wa 2015. Wengine walitafuta mlango wa nje. X Plastaz wa Arusha walitoa albamu yao, Maasai Hip Hop, mwaka 2004 kupitia kampuni ya Kijerumani. Waliobaki katikati, bila mdosi wala Mjerumani, ndio wanaohusika hapa.

Namna watu hawa wanavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kinaganaga, kwa kuwa haimo katika vitabu vya historia ya fasihi. Wimbo hurekodiwa katika studio ndogo, mara nyingi chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, magodoro yakiwa yameegeshwa ukutani kuzuia mwangwi. Mdundo hupatikana kwa kununuliwa, kwa kukopwa au kwa urafiki. Katika miaka ambayo CD bado zilikuwa na soko, msanii alizichoma mwenyewe kwa kompyuta, akachapisha jalada katika duka la steshenari, akazibeba begani kwenda kwenye matamasha na vijiwe, akauza mkono kwa mkono. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, kisha huduma nyingine za aina hiyo, mnunuzi wa Mbeya au Mwanza aliweza kutuma fedha kwa simu na kupokea CD yake stendi, ikiwa imepakiwa kwenye basi kama kifurushi kingine chochote. Siku hizi basi halihitajiki. Fedha hutumwa, na faili hurudi kwa WhatsApp au kwa barua pepe. Sambamba na biashara hii halali pamekuwapo na ile ya vibanda vya kujaza nyimbo katika simu na kadi za kumbukumbu, ambako kazi hiyohiyo huuzwa kwa bei ya kutupa, pasipo senti kumfikia mtunzi. Msanii mmoja huwa mtunzi, mhariri, mtangazaji, mhasibu na tarishi wa kazi yake.

Kwa mwanaisimu, jambo lenye uzito zaidi katika utaratibu huu ni lugha yake. Mtu anayeuza kazi yake mwenyewe hana budi kuieleza, na anayeieleza kwa wanunuzi wanaozungumza Kiswahili hana budi kupata maneno. Ndivyo ilivyozuka rejesta ya biashara ambayo haikubuniwa na baraza wala kamati. Mfano mzuri ni kanda mseto, linalotumika kwa mkusanyiko wa nyimbo ambao si albamu kamili. Muundo wake ni wa nomino mbili zilizopangwa bila kiunganishi, kama askari kanzu na bata mzinga, na mseto wenyewe umetoka jikoni, kwenye chungu cha mchele na choroko, ukapita katika siasa kwa njia ya serikali ya mseto kabla ya kufika studio. Albamu nayo huitwa santuri. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: kanda mseto ya leo haina kanda, na santuri ya leo haina sahani yoyote ya kuzungushwa. Majina ya vitu vilivyokufa yamehamia kwenye vitu visivyoshikika, na hakuna msikilizaji anayetatizika.

Kitenzi kinachotawala matangazo haya ni achia. Msanii ameachia wimbo. Kanda mseto itaachiwa mwezi ujao. Katika sarufi ya kawaida kauli ya kutendea humtarajia mtendewa, mtu wa kuachiwa kitu. Katika matumizi haya mtendewa ametoweka, na kitenzi kimebaki na maana ya kukipa kitu uhuru wa kwenda kitakako. Mashindano ya kutunga papo kwa papo huitwa mitindo huru. Beti hupimwa kwa mistari. Na vina hutajwa kwa jina hilohilo la vina, lililokuwa likitumika kabla ya Amri Abedi kuzitoa sheria zake za kutunga mashairi kitabuni mwaka 1954. Inafaa kulinganisha hali hii na matangazo ya muziki unaodhaminiwa, ambamo Kiingereza hujaa kuanzia jina la wimbo hadi shukrani za mwisho. Haidaiwi kwamba wanaandagraundi wote ni watetezi wa Kiswahili. Kiingereza kimo tele katika majina yao ya kisanii. Linalodaiwa ni kwamba mahali mtunzi alipo peke yake mbele ya msikilizaji wake, Kiswahili kimelazimika kukua, nacho kimekua.

Watunzi hawa wanajua pia wanakotoka. Fid Q wa Mwanza aliiita albamu yake Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, jina ambalo mwanafunzi yeyote wa ushairi ataelewa linabishana na nani, kwa kuwa mapokeo yamezoea vina vya kati na vya mwisho tu. Nash MC, anayejulikana pia kama Maalim Nash, ana kazi iitwayo Mzimu wa Shaaban Robert. Mghani anayemwita Shaaban Robert kwa jina, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake mwaka 1962, anaomba kusomwa katika mlolongo fulani. Mapokeo yanasomwa na wanaandagraundi, lakini wasomi wa mapokeo hawawasomi wao.

Yapo mapingamizi, na baadhi yana nguvu. Husemwa kwamba nyingi ya tungo hizi ni majigambo, kwamba zina matusi, kwamba vina vyake hulazimishwa. Ni kweli kwa nyingi. Lakini majigambo ni utanzu unaofundishwa darasani, na kuhifadhi kazi si kuipa tuzo. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa katika karne ya kumi na tisa juu ya mapenzi, ugomvi, fedha na vita vya kisiasa, na si kila ubeti wake ni wa kiwango cha juu. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na Taylor walipozikusanya, naye Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940, karne moja tangu mtunzi afariki. Kama wakusanyaji wale wangesubiri kwanza kuthibitisha ubora, mjadala wa leo juu ya Muyaka usingekuwa na cha kujadili.

Pingamizi la pili ni kwamba intaneti imekwisha kufanya kazi ya maktaba. Hoja hii haina mguu. Kurasa hufungwa, akaunti hufutwa, na simu hupotea na vyote vilivyomo. Nakala inayosalia katika kibanda cha kujazia nyimbo huwa na jina la faili lililokosewa, pasipo mwaka, pasipo mtunzi wa mdundo, na wakati mwingine pasipo jina la mghani. Tena ipo hatari isiyo ya kiufundi. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984, lina mamlaka juu ya kazi za sanaa, na mwaka 2017 wimbo wa Wapo wa Nay wa Mitego ulipigwa marufuku, kisha ukaruhusiwa baada ya Rais Magufuli kuingilia kati. Mwaka uliofuata zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotoza ada za leseni ambazo kwa mtu asiye na kampuni ni mtaji mzima. Wimbo wa msanii mashuhuri ukizuiwa, nakala zake zimekwisha kutapakaa. Wimbo wa mwanaandagraundi ukiondolewa na mwenyewe kwa hofu, huenda usionekane tena popote. Kitabu kina kinga ya sheria ya maktaba ya 1975, inayomtaka mchapishaji kuwasilisha nakala katika maktaba ya taifa. Santuri isiyo na sahani haina mchapishaji, basi haina anayedaiwa nakala.

Idara za Kiswahili hazihitaji kusubiri sheria mpya. Tayari wapo wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaoandika tasnifu juu ya hip hop, na kila mmoja hukusanya nyimbo zake upya, akazinukuu katika viambatisho, akahitimu, na sauti zenyewe zikabaki katika kompyuta yake. Yatosha kuagiza kwamba tasnifu ya aina hiyo haipokelewi bila sauti iliyotumika kuwekwa katika maktaba ya idara, pamoja na unukuzi, tarehe, mahali, jina la mtayarishaji wa mdundo na ridhaa ya mtunzi ya maandishi. Na sauti hiyo inunuliwe. Mtafiti anayeazima kadi ya kumbukumbu ya rafiki na kunakili albamu nzima kwa ajili ya utafiti hana tofauti na mwenye kibanda, isipokuwa cheti. Bei ya kanda mseto moja haifiki gharama ya kudurufu na kujalidi nakala moja ya tasnifu, na katika bajeti ya utafiti yapo mafungu ya posho na nauli ambayo hayajawahi kuonewa haya.

Litabaki tatizo la unukuzi, ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Mstari wa mghani hukatika kwa mdundo, si kwa mizani, na mnukuzi aliyezoea shairi la vipande viwili huukata pasipo mahali pake, kisha akamlaumu mtunzi kwa kukosa urari. Silabi zinazomezwa, matamshi ya mtaa fulani, neno la Kiingereza lililotamkwa Kiswahili makusudi ili lipate kina: yote haya hupotea yakiandikwa kwa tahajia sanifu, na yakiandikwa kama yalivyo humfanya mtunzi aonekane hajui kuandika. Mtunzi mwenyewe kwa kawaida yu hai, ana simu, na namba yake imo katika tangazo la kazi yake. Unukuzi upelekwe kwake ausome na kuusahihisha kabla ya tasnifu kwenda kwa mtahini.