Nani alibeba masasi? Tuwaulize koko zetu

Wandugu wa Uvira, Fizi na bonde la Ruzizi,

Tukitaja 1964 na 1965, tunataja wanaume tu: Mulele, Soumialot, Marandura, Kabila. Na Che Guevara, ambaye vijana wanavaa sura yake kwa mashati bila kujua kama alifika huku kwetu. Alivuka ziwa kutoka Kigoma, akashukia Kibamba, upande wa Fizi, mwezi wa nne 1965. Mwezi wa kumi na moja akaondoka. Akaandika kitabu.

Ndani yake analalamika kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo: walijibu kwamba wao si motokari. Tunacheka, jibu hilo ni la kwetu kabisa. Lakini silaha zilishushwa pembeni ya ziwa, na kambi zilikuwa juu mlimani. Sasa nani alibeba?

Koko yangu alilisema mara moja tu, tukichagua maharagi nyuma ya nyumba. Eti wao wasichana walipandishaga masasi usiku, kamba kwenye paji la uso, na hakuna aliyewaambia aksanti. Kisha akaniomba niongeze makala. Telefone ilikuwa mfukoni mwangu. Sikurekodi, sikuuliza hata jina la kijiji. Hayuko tena.

Benoît Verhaegen, Mbelgiji aliyefundisha Kisangani, alichapisha vitabu vikubwa viwili juu ya maasi ya Congo, 1966 na 1969, na Uvira na Fizi zimo. Baadaye, 1990, akatoa kingine kuhusu wanawake wa Kisangani na namna wanavyopigania maisha. Kazi ya namna hiyo ndiyo tunaitaka huku. Ripoti Mapping ya UNO ya 2010 ilihoji watu zaidi ya 1.280, ikaandika matukio 617, Makobola ikiwemo. Lakini inaanzia mwezi wa tatu 1993. Msichana wa miaka 18 mwaka 1964 yuko nyuma ya mpaka huo, na leo anakaribia 80.

Kuna wanaosema: ya zamani ya nini, leo hatuna amani wala maji. Sawa. Lakini hata leo bunduki zikilia, mama anayetoka shamba anaweza kusimamishwa na kubebeshwa mizigo ya wenye silaha. Kazi hiyo ikiendelea kuitwa "msaada", hakuna atakayeulizwa kitu.

Na tusiwafanye mashujaa kabla ya kuwasikiliza. Wengine walijitolea, wengine walilazimishwa, na pengine mama mmoja atakwambia yote mawili.

Basi wanafunzi wa historia, na wewe mwenye telefone tu: nendeni wawili wawili, dada mmoja awepo. Ombeni ruhusa, na akikataa, mshukuru mwende. Aongee Kifuliiru, Kivira au Kibembe, lugha anayolilia. Jina lake lisiende Facebook, watu wa huku tunajua kwa nini. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine iwekwe mbali na Uvira: mwezi wa nne 2020 tuliona Mulongwe ikibeba nyumba na makaratasi yote ndani.

Usianze na vita. Muulize njia ilipitia wapi, na sanduku lilibebwa na wasichana wangapi.