Springi Tusizikate, Ndugu Zangu

Ndugu zangu mnaopenda gari lililolala chini, sina ugomvi na urembo wenu. Impreza iliyoshushwa sentimita 3 inapendeza, na ikikata kona haiyumbi sana. Ombi langu ni kuhusu namna mnavyoishusha uani, jeki moja chini na grainda mkononi.

Springi iliyokatwa haifupiki tu. Mizunguko ikipungua inakuwa ngumu zaidi, na ncha yake haikai tena sawasawa kwenye kikombe. Gari likirukia shimo, gurudumu likaning'inia, springi hiyo inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Wapo pia wanaoipasha moto kwa gesi mpaka inywee; huko ni kuua mnepo ambao kiwanda kiliutafuta kwa makusudi. Na barabarani hauko peke yako: una abiria, na kuna watoto wanaovuka kwenda shule. Springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lako zipo, nyingi hushusha milimita 20 hadi 40. Mfuko usiporuhusu, liache gari lilivyo. Halijakukosea.

Ukishazipata springi hizo fupi, iogope nati moja. Magari yetu mengi yamebeba springi ya mbele juu ya shokapu, kwa muundo wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson wa miaka ya 1940. Nati ya katikati, kule juu, ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isifyatuke. Ukiifungua kabla ya kuibana springi kwa vibanio, vyuma vinaruka kama risasi, na uso wako ndio ulioinamia pale. Waya wa kufungia si kibanio, wala kamba ya manila. Funga vibanio viwili vinavyoelekeana, kaza huku kidogo, kule kidogo, bila haraka.

Chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, usiingie hata kuokota spana. Weka stendi kwenye sakafu ngumu na kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Tofali la saruji hupasuka bila kuaga. Boliti za bushi zikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo raba hubaki imejisokota na kuchanika mapema. Kisha peleka gari likapimwe alaimenti, maana tairi zikilala vibaya huliwa upande mmoja.

Najua vibanio na stendi vinamlemea mtu mmoja kwa kazi ya siku moja. Basi tuvinunue kimtaa. Harusi tunachangia, jezi za timu tunachangia. Wenye magari wachache wakikubaliana, seti moja inapatikana, ikae kwa fundi anayeaminika, na daftari la kuandika aliyeazima. Mafundi, mteja akija na grainda yake mkononi, mkatalieni kwa heshima na mwelezeni sababu. Nanyi wauza spea wa Gerezani, anayenunua springi fupi muulizeni kama ana vibanio. Kama hana, mkodishieni.

Na wewe kijana unayeijua kazi hii, siku ukifungua gari lako waite majirani wawili watatu waje washike spana, na ile nati ya katikati waonyeshe wewe mwenyewe.